Mkokoteni wa Thirza Hindle

Mtaa wa Garnet ulianza na nyumba moja yenye watu na nyingine zote zisizo na paa. Mwenye nyumba hakutaka kungoja kodi. Safu ya upande wa jua ilikuwa bado matofali matupu, barabara ilikuwa tope la kung'oa kiatu mguuni, na tayari moshi ulikuwa unatoka kwenye dohani ya namba mbili. Ndani yake alikuwamo Thirza Hindle, bibi arusi wa majuzi, anachemsha maji ya chai katikati ya kuta ambazo lipu yake haijakauka. Ukiegemea popote ulitoka na bega jeupe.

Akawa mkazi wa kwanza wa mtaa, na hakuacha mtu alisahau hilo. Waliofuata aliwapokea mmoja mmoja kama mwenye arusi anavyopokea wageni: akina Pollitt wa namba nne, akina Devanney waliotoka Ireland na watoto wao wasiohesabika, Ormerod fundi viatu na mkewe kiziwi. Aliwaambia dohani ipi inarudisha moshi upepo wa magharibi ukivuma, na choo kipi cha uani kina mlango usiofunga. Halafu, kabla hawajamaliza kufungua vifurushi vyao, alikuwa keshawauliza kama huko walikotoka hawakuona nyumba nzuri zaidi ya hizi.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Baba yake, Silas Cronshaw, alikuwa mtu wa kuhama. Mara nyingine alihama kwa sababu ya kodi, mara nyingi kwa sababu ya hasira. Jirani akimtazama vibaya, anahama. Paa likivuja, anahama. Pale mjini Hollinshaw watu walikuwa wakisema kwamba kuku wa Silas wakiona mkokoteni umesimama mlangoni hulala chali wenyewe, wakaunganisha miguu wafungwe kamba. Mama yake Thirza zaidi ya mara moja alitoka kiwandani jioni, amechoka hoi, akakuta nyumba tupu, akaambiwa na majirani anakoishi siku hizo. Watu walicheka. Thirza hakuona cha kuchekesha, wala hakuona cha kuliza. Kwake hayo ndiyo yalikuwa maisha. Alijua kufunga sahani kwa mashuka zisivunjike, alijua kubomoa kitanda gizani akakiunga tena gizani. Kukaa ndiko hakukujua.

Mumewe, Enoch, alikuwa mwashi. Alikuwa mpana, mpole, mzito wa kuamka na mzito zaidi wa kukasirika. Safu ile ya Mtaa wa Garnet aliijenga yeye na wenzake, na ukuta wa jikoni wa namba mbili aliupanga kwa mkono wake tofali kwa tofali. Lakini aliyeichagua nyumba ni Thirza, kwa kuwa ilikuwa ya kwanza. Enoch alikuja tu akaingia. Jioni ya kwanza aliweka kiti chake kando ya jiko la chuma, mgongo ukaelekea ukuta ule, akanyoosha miguu, na kuanzia hapo mtu yeyote aliyemtazama alijua kwamba bwana yule amefika.

"Kaa basi na wewe," alimwambia mkewe.

"Si nimekaa."

"Umekaa ukiwa umesimama, Thirza."

Ni kweli. Alikuwa amejibandika ukingoni mwa kiti, kofia ya kutokea bado iko kichwani.

Sasa, msomaji asiye wa kwetu ajue jambo moja. Kwetu mshahara wa mume huingia mzima mkononi mwa mke Jumamosi adhuhuri, na mke ndiye humrudishia mume cha tumbaku. Mke hulipa kodi, mke huagiza makaa ya mawe, mke huchagua nyumba. Mwanamume ukimwuliza anaishi wapi atakuambia. Ukimwuliza kwa nini anaishi huko, atakuelekeza kwa mkewe. Hakuna anayeona ajabu. Ndiyo maana kosa alilokuja kulifanya Thirza hakuna mtu mtaani aliyeweza kumwambia halikuwa haki yake, na kosa lililomo ndani ya haki ya mtu ndilo gumu kuliko yote kulikemea.

Miaka ikaenda. Barabara ikawekwa mawe bapa, lipu ikakauka, akazaliwa Ruth, akazaliwa Wilfred. Kila Ijumaa wanawake wa mtaa walipiga magoti milangoni, kila mmoja na ndoo na jiwe lake jeupe, wakisugua vizingiti hadi vikang'aa safu nzima, na ole wake ambaye chake kilibaki na doa. Thirza alikuwa wa kwanza kumaliza daima. Si kwa usafi. Alitaka kusimama aende kwingine. Pa kwenda palipokosekana alihamisha vyombo humo humo ndani.

Keziah Pollitt, jirani yake, mwanamke mnene mwenye miguu mibovu na ulimi mzima, alikuwa akizisikia kelele hizo kupitia ukutani. Wakikutana uani kuanika nguo alimwuliza hali ya kabati kama mtu anavyouliza hali ya mgonjwa.

"Leo kabati liko wapi?"

"Chini ya dirisha."

"Si jana lilikuwa karibu na ngazi?"

"Pale lilikuwa linaziba mwanga."

"Shoga, kabati lako limetembea kuliko mimi. Nakuhakikishia litaiona bahari ya Blackpool kabla yangu."

Thirza alicheka, lakini macho yake yalikuwa tayari yamepita juu ya kichwa cha Keziah, juu ya ukuta wa uani, hadi kilimani. Huko juu, Bank Top, walikuwa wanajenga nyumba mpya. Hazikuwa kama zetu, ambazo ukifungua mlango wa mbele umeingia sebuleni na matope yako. Zile zilikuwa na kiukumbi mlangoni, mahali pa kutundika koti kabla hujaonana na mtu, na dirisha la mbele lililotokeza nje kama tumbo la tajiri. Thirza alianza kupanda kilima kila jioni. Alisema anakwenda kunyoosha miguu. Alikuwa akisimama mbele ya ile ya mwisho, mikono imekunjwa chini ya shali, roho inamwenda mbio. Akirudi hakuweza kula, na akilala aligeuka hadi blanketi likamwacha Enoch wazi.

Hakumwambia. Asingekataliwa, alilijua hilo. Enoch angenyamaza, akautazama ukuta wake, basi; na kimya kingi kina mshindo mkuu. Huo mshindo ndio alioukimbia. Akajisemea kuwa wanaume hawajui wanachokitaka mpaka wakikute mezani. Akaenda kwa wakala wa mwenye nyumba, akaupata ufunguo wa Bank Top, na papo hapo akatoa taarifa ya kuiacha namba mbili.

Akachagua Ijumaa ya juma la Pentekoste, kwa kuwa siku hiyo mtaa wa Garnet hubaki na paka tu. Shule zote za Jumapili hutoka kuandamana mjini, watoto wamevaa nyeupe, bendi zinapiga, na mbele ya kila kanisa inakwenda bendera kubwa ya hariri. Enoch alikuwa mbeba mlingoti wa bendera ya kanisa letu, maana kifua chake kilifaa. Asubuhi Thirza alimfunga mkanda wa ngozi wa kubebea mlingoti, akampangusa bega, akawabusu watoto. Akasema kichwa kinamwuma. Enoch alimwambia alale.

Wakati bendi ya kwanza inasikika kule chini, mkokoteni wa muuza makaa ulikuwa mlangoni, umesuguliwa. Keziah, ambaye miguu yake ilimzuia kuandamana, alitoka akasimama kizingitini.

"Enoch anajua?"

"Atajua."

"Hilo silo nililouliza."

"Keziah, shika huo mguu wa meza."

Keziah aliushika. Alinung'unika njia nzima kutoka jikoni hadi barabarani, lakini aliushika, na baadaye mtaa ulipomlaumu alisema meza ilikuwa nzito mno kuanza nayo mabishano. Thirza alisukuma mkokoteni mwenyewe, na safari moja haikutosha, ikabidi aende mara ya pili na ya tatu. Kila alipofika kwenye kona muziki ulimjia, mara karibu, mara mbali. Kwenye kona ya juu aliangalia chini akaiona bendera ya buluu ikipita katikati ya umati, imejaa upepo. Alijua ni nani aliye chini ya mlingoti. Moyo ulimdunda kwa furaha, kweli kwa furaha, akainamia mikono ya mkokoteni akasukuma.

Ilipofika jioni nyumba ya Bank Top ilikuwa imepangwa. Kiti cha Enoch kilikuwa kando ya jiko. Pai ya viazi na nyama ilikuwa tanurini. Watoto walifika wakikimbia, Wilfred na jamu kwenye shati jeupe, Ruth amekasirika kwa kuwa Keziah ndiye aliyempa habari.

"Baba yenu yuko wapi?"

"Amekaa," Ruth alisema.

"Amekaa wapi? Viti viko hapa."

"Sakafuni."

Thirza akatwaa shali, akateremka. Jua la Juni lilikuwa bado lipo. Alikuwa ameshatunga maneno yote: kiukumbi, dirisha, hewa ya kilimani kwa kifua cha mtu wa mawe. Alipofika namba mbili alikuta mlango wazi na mkokoteni mwingine nje. Kwetu nyumba haipoi kabla chungu cha mwingine hakijatelekwa. Walikuwa wakiingia Whitworth na mkewe Selina, vijana wenye mtoto mchanga, watu waliokuwa wakiishi kwenye chumba cha chini ya ardhi karibu na mto. Na huyo aliyepiga magoti mbele ya jiko, mikono ya shati imekunjwa, anamwonyesha Whitworth jinsi ya kuliwasha bila kujaza moshi, alikuwa Enoch.

"Chakula kinapoa," Thirza alisema.

"Kipoe tu."

"Enoch, nyumba ina kiukumbi. Ina dirisha la kutokeza. Koti lako..."

"Nimesikia. Keziah amenieleza vizuri." Alijipangusa mikono, taratibu. "Nimewaomba hawa chumba cha nyuma. Watanipangisha."

Selina Whitworth, maskini, alikuwa amesimama na mtoto begani hajui aangalie wapi. "Bi Hindle, mimi simo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba, na sisi kodi inatuelemea."

Thirza alicheka. Kicheko kilipomwishia akaona hakuna mwingine aliyecheka, na hapo hasira zikampanda.

"Utapanga chumba ndani ya nyumba yako?"

"Si yangu. Ufunguo umeurudisha."

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali Thirza angejua la kujibu, maana kwa Silas Cronshaw alilelewa na ukali. Alirudi kilimani peke yake, akawapa watoto pai, yeye hakula.

Basi mtaa wetu ukapata sinema kabla sinema hazijabuniwa. Mume anapanga kwa wageni ndani ya nyumba yake ya zamani, mke yuko kilimani na madirisha yake. Kila jioni Thirza aliteremka na bakuli lililofungwa kitambaa, akaliweka kizingitini kwa Selina, akachukua la jana. Kila Jumamosi adhuhuri Enoch alimkabidhi mshahara mzima kama zamani, juu ya ukuta wa uani, na Thirza akamrudishia cha tumbaku, wote wawili wameinamisha macho. Wanaume walimtania Enoch kazini wakamwuliza kama na mke atampangisha. Aliendelea kupanga matofali. Wanawake walisugua vizingiti polepole saa ile Thirza alipopita, kila mmoja akiwa na doa lisilotoka.

Kule juu hakuna kilichomkalia vizuri. Kiukumbi kilikuwa na baridi. Jirani wa Bank Top, mwanamke wa glavu, alimwuliza mumewe anafanya kazi gani hata haonekani, na Thirza akasema yuko kazini. Alihamisha kabati, akalirudisha, akalihamisha tena. Kile kiti kando ya jiko hakukigusa. Alikizunguka kama mtu anavyozunguka shimo. Alikuwa amezihama nyumba tangu hajaota meno, na katika zote hizo hakuwahi kumwacha mtu ndani. Alidhani kuhama ni kwenda. Hakujua kuwa kuna upande wa pili, wa anayerudi na mkanda wa ngozi kiunoni akakuta hata msumari wa kofia umeng'olewa. Mama yake aliujua upande huo. Hakusema, na hakuna aliyemwuliza. Wazo hilo lilimjia Thirza akiwa anamenya viazi, likamkalisha chini kwenye ngazi, kisu mkononi, hadi Ruth akaogopa.

Keziah ndiye aliyemfumbua macho, jioni moja kwenye ukuta wa uani.

"Unataka arudi?"

"Nataka aseme anachokitaka."

"Umemwuliza?"

"Kila siku namletea chakula."

"Thirza, nimekuuliza swali moja, wewe unanijibu viazi."

Kesho yake aliteremka bila bakuli. Alipitia nyuma. Enoch alikuwa uani, amevua shati, ananawa vumbi la mawe kwenye beseni. Ndani mtoto wa Selina alikuwa akilia. Thirza alisimama penye lango dogo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake miguu yake ilitaka kukimbia na yeye akaikatalia.

"Enoch. Unataka kuishi wapi?"

Enoch aliacha kunawa. Maji yalimchuruzika viwikoni.

"Sijui," alisema.

"Hujui? Wiki zote hizi?"

"Sijapata kuulizwa. Nikiwa kwetu mama alinionyesha kitanda. Kazini wananionyesha ukuta. Wewe ukanionyesha hapa, nikapapenda. Kuulizwa, hapana." Alichukua taulo. "Nipe mpaka Jumamosi nifikirie."

Sijui kama mtu aliyetulia anaweza kuelewa adhabu hiyo. Thirza alirudi akangoja. Hakupanda wala hakushuka kilima. Hakuhamisha hata stuli. Alikaa, na kila kilichokuwa ndani yake kilikuwa kikitembea: angejibu nini, na kama jibu ni namba mbili, wangeingia wapi wakati nyumba ina watu, na kama jibu ni hapana kabisa. Alishona soksi za Wilfred hadi zikawa uzi mtupu.

Jumamosi, baada ya saa za kazi, Enoch aliingia kwa mlango wa nyuma na furushi lake begani. Alitazama jikoni pote. Akaweka mshahara mezani, akaketi kitini, akanyoosha miguu.

"Nimefikiri," alisema. "Mlipo nyinyi ndipo nitakapokaa. Ila siku ukitaka kuhama tena, uniulize nikiwa nyumbani. Si nikiwa nimebeba bendera."

Thirza alilia, tena kwa sauti, kwenye kile kiukumbi alichokitaka sana, makoti yakimsikiliza.

Walihama tena, usidhani aliokoka. Walihama mara mbili, na mara zote aliuliza, na Enoch alifikiri kwa siku zake, akasema haya twende. Safari nyingine alisema hapana. Thirza alibamiza masufuria juma zima, akabaki. Mtaa wa Garnet nao ukajaa watu wengine. Akina Whitworth wakapata watoto wengi, Devanney wa mwisho akaenda Amerika, na wengi waliokuja hawakujua tena nani alikuwa wa kwanza. Vumbi la mawe likakusanyika kifuani mwa Enoch, kama linavyofanya, na majira ya baridi yaliyokuwa makali kuliko mengine yakamchukua. Watoto walikuwa watu wazima na nyumba zao.

Masika yaliyofuata Thirza alisikia kuwa kuna nyumba imeachwa wazi karibu na bustani ya mji. Wakala, aliyemjua tangu zamani, alimpa ufunguo akaiangalie. Alikwenda. Ilikuwa na bomba la maji ndani, jikoni kabisa, na jua liliingia pande zote mbili. Alivirudia vyumba vyote. Alirudi nyumbani karibu anakimbia, mwanamke wa umri ule, akafungua mlango wa nyuma na kofia bado iko kichwani.

"Enoch," alisema, "kuna nyumba..."

Jioni hiyo hiyo aliurudisha ufunguo. Wakala alimwuliza nyumba ina kasoro gani, akasema haina. Keziah Pollitt, ambaye kwa wakati huo alikuwa hatoki tena kitini, alipoletewa habari hakuamini mpaka Thirza alipokuja mwenyewe kumtazama.

"Si umesema ni nzuri?"

"Nzuri sana."

"Basi?"

Thirza alikuwa ameketi vizuri, mgongo umeegemea kiti.

"Nimemwuliza, Keziah," alisema. "Hajanijibu."